Dawa ya fangasi kutoka kwenye ukungu: kipi kweli, kipi stori za mtandaoni

Kila baada ya muda huzunguka kwenye simu habari ya aina ile ile: watafiti wamepata ukungu wenye kemikali inayoua fangasi sugu. Chini yake maoni hujaa. Kuna anayeuliza, kama ukungu ni dawa, kwa nini mahindi yenye sumukuvu yanateketezwa. Kuna anayekumbuka kwamba marehemu bibi yake alikuwa hatupi mkate ulioota ukungu, akikwangua tu na kula, na aliishi hadi uzeeni. Na hakosekani yule anayedai kuwa fangasi wake wa miguuni aliwamaliza kwa kufungua kapsuli za antibayotiki na kunyunyiza unga wake katikati ya vidole.

Jambo hili linafaa kufunguliwa taratibu, kwa sababu ndani yake mna ukweli mwingi kuliko wengi wanavyodhani, na uongo kiasi unaoweza kumgharimu mtu ini lake.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Kuvu ni ukoo mzima wa viumbe. Uyoga tunaokula ni kuvu, hamira inayoumua maandazi ni kuvu, na ule ukungu wa kijani kwenye chungwa lililooza nao ni kuvu. Ukungu ni kuvu inayoishi kwa kutandaza nyuzi nyembamba mno juu na ndani ya chakula chake. Ule unga wa kijani, mweusi au wa njano tunaouona kwa macho ni mbegu zake tu. Kazi yenyewe ya kula inafanywa na nyuzi zilizokwisha kuzama ndani. Fangasi, kama tunavyosema mtaani, ni kuvu zilizohamia mwilini mwa mtu: mapunye ya kichwani, choa, fangasi wa miguu, fangasi wa ukeni, utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga. Kwa hiyo "ukungu unaoua fangasi" ni kuvu moja inayoiua kuvu nyingine.

Ukungu unaojulikana kuliko wote duniani ni ule wa Alexander Fleming, uliomwangukia kwenye kisahani cha maabara jijini London mwaka 1928 na kuwaua bakteria waliokuwa wameuzunguka. Ndio uliotupa penisilini. Kisa hicho kimesimuliwa mashuleni mpaka kimekuwa cha kila mtu, na kosa la kapsuli linaanzia humo humo: penisilini imetoka kwenye ukungu, ni dawa ya nguvu, basi itamaliza na fangasi. Haiwezi. Penisilini inaharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, na ukuta huo umejengwa kwa malighafi ambayo kuvu hazina kabisa. Unga wa kapsuli ukiunyunyiza kwenye fangasi wa miguuni ni sawa na hujaweka kitu.

Kibaya zaidi, antibayotiki zinaweza kuwapa fangasi nafasi. Mdomoni, tumboni na ukeni bakteria wasio na madhara ndio wanaozibana kuvu zisiongezeke. Ukiwafyeka kwa dozi ya antibayotiki, kuvu hubaki peke yake uwanjani. Wanawake wengi hawahitaji kuelezwa hili: unatibiwa UTI wiki hii, wiki ijayo muwasho umeanza.

Swali linalofuata ni kwa nini dawa za bakteria ni nyingi vile, ilhali za fangasi unaweza kuzitaja zote ukamaliza kabla muuzaji hajakurudishia chenji. Jibu lake linawashangaza watu. Kwa nasaba, kuvu ziko karibu zaidi na sisi kuliko zilivyo karibu na mimea. Uyoga una undugu na wewe kuliko na mchicha uliopikwa nao. Ukoo wa kuvu na ukoo wa wanyama ulitengana kiasi cha miaka bilioni moja iliyopita, lakini mpaka leo seli zao na zetu zinaendeshwa kwa mitambo inayofanana: kiini chenye vinasaba, namna ya kutengeneza protini, namna ya kuchoma chakula kupata nguvu. Bakteria yuko mbali nasi, kwa hiyo ni rahisi kupata sumu itakayomuua yeye na kutuacha sisi. Kuvu ni jamaa wa karibu. Sumu nyingi zinazoiua zitamdhuru na mgonjwa.

Hapo ndipo penye ugumu wote wa habari hii. Kuua fangasi si kazi. Jiki inaua fangasi, moto unaua fangasi. Kazi ni kupata kitu kinachoshika zile tofauti chache zilizopo kati ya kuvu na binadamu. Moja ni kwamba seli ya kuvu ina ukuta wa nje, yetu haina. Nyingine ni kwamba utando wa seli zetu una kolesteroli, wakati wa kuvu una mafuta ya jamii hiyo yanayoitwa egosteroli. Dawa tulizozizoea, kama flukonazo, klotrimazo na terbinafini, zinapiga kwenye utengenezaji wa egosteroli. Hizo, tuseme wazi, hazikutoka kwenye ukungu wowote. Zilibuniwa na wanakemia maabara.

Basi ukungu unaingiaje?

Chukua kijiko kimoja cha udongo wa shambani. Humo mna kuvu za aina nyingi na bakteria wasiohesabika, wote wakigombea jani moja lililooza. Hakuna anayeweza kukimbia, kwa hiyo silaha yao ni kemikali. Ukungu hutema vitu vya kumzuia jirani asisogee. Ukiotesha kuvu mbili kwenye kisahani kimoja cha maabara, wakati mwingine utaona kabisa mstari mtupu kati yao: kila moja imetambaa hadi hapo ikasimama, au nyuzi za moja zimefika ukingoni zikaanza kujikunja na kuvimba. Katika mstari huo ndimo kemikali ilimo. Na kwa kuwa adui wa ukungu mara nyingi ni ukungu mwenzake, mamilioni ya miaka ya ugomvi huo yamezaa kemikali zinazolenga hasa mwili wa kuvu. Ukungu wenyewe haujidhuru kwa sababu una kinga yake: mwingine unaisukuma sumu nje upesi, mwingine umebadilisha ile sehemu inayoshambuliwa, mwingine una kimeng'enya cha kuizima sumu ndani kwa ndani.

Kwamba silaha hizi zinaweza kuwa dawa, na pia zinaweza kutuumiza, kunaonekana vizuri kwenye kazi za mtu mmoja ambaye jina lake halisikiki mashuleni. Harold Raistrick alikuwa mwanakemia wa Kiingereza, profesa katika London School of Hygiene and Tropical Medicine, na maisha yake yote aliyatumia kuchuja vitu vilivyotemwa na ukungu. Mwaka 1932 yeye na wenzake waliotesha ukungu wa Fleming wakajaribu kuitoa penisilini ikiwa safi. Ikawapotea mikononi wakati wa kuichuja, wakaiacha. Ilibidi isubiri kundi la Oxford la Howard Florey na Ernst Chain, miaka kadhaa baadaye.

Mwaka 1939 kundi la Raistrick likatoa kitu kingine, safari hii kutoka kwenye ukungu uitwao Penicillium griseofulvum. Wakakiita griseofulvini. Kilikuwa kimetulia, cheupe, kina klorini ndani yake, jambo lisilo la kawaida kwa kitu kilichotengenezwa na kiumbe hai. Kikaandikwa kwenye jarida, basi. Hakuna aliyekuwa akitafuta dawa ya fangasi.

Wakati huo huo, huko Dorset kusini mwa Uingereza, kwenye nyika ya Wareham, wataalamu wa misitu walikuwa wanashindwa kuelewa kwa nini misonobari inayopandwa inadumaa. Udongo wake ulikuwa na kitu kinachozuia kuvu zile nzuri ambazo huishi kwenye mizizi ya miti na kuilisha. Watafiti wa kampuni ya Imperial Chemical Industries wakachunguza ukungu wa udongo ule, na mwaka 1946 wakaeleza kitu cha ajabu: ukungu mmojawapo ulitoa kemikali ambayo, ukiiweka kwenye ukungu unaoozesha vitunguu, nyuzi zake haziendi tena mbele. Zinajipinda, zinajisokota, zinabaki hapo hapo. Walipoichunguza zaidi wakakuta si kitu kipya. Ilikuwa ni griseofulvini ya Raistrick.

Wakaifikiria kwanza kama dawa ya mimea. Miaka ikapita. Mwaka 1958 mtafiti wa Glasgow, James Gentles, akaeleza kwamba amewalisha griseofulvini simbilisi wenye choa na wamepona, kwa kula tu, bila kupakwa chochote. Muda si mrefu watu wakaanza kutibiwa nayo. Kuanzia kuchujwa hadi kumezwa ilichukua karibu miaka 20, na katika miaka yote hiyo kemikali ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali lililo sahihi.

Ndiyo dawa ambayo mpaka leo watoto wetu wanapewa kwa mapunye. Inavyofanya kazi inaeleza kwa nini wazazi wengi hudhani haifanyi kazi. Ndani ya seli inayogawanyika kuna nyuzi ndogo zinazovuta vinasaba upande huu na upande ule ili kila seli mpya ipate fungu lake. Griseofulvini inazivuruga nyuzi hizo, hasa za kuvu zinazokula ngozi na nywele. Kuvu haifi papo hapo, inashindwa kuongezeka. Wakati huo dawa iliyomezwa inasafiri na damu mpaka kwenye mzizi wa nywele na kujipachika kwenye keratini, ile protini ya nywele, kucha na ngozi ya juu, kadiri inavyotengenezwa. Nywele mpya inatoka tayari imebeba dawa na kuvu haiwezi kuishika. Nywele ya zamani, yenye kuvu ndani yake, haiponi. Inasukumwa nje mpaka ikatwe au idondoke. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo dozi ya mapunye huenda wiki sita hadi nane, na wakati mwingine zaidi. Mama anayeacha kumpa mtoto dawa wiki ya pili kwa sababu muwasho umetulia ameacha kuvu hai kwenye nywele za zamani, na itarudi.

Inaeleza pia kwa nini krimu peke yake haimalizi mapunye: kuvu imo ndani ya unywele na kwenye shimo lake, krimu inaishia juu. Na kwa nini mfamasia anasema dawa inywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Griseofulvini haiyeyuki vizuri kwenye maji, mafuta ndiyo yanayoisaidia kuingia mwilini. Kuna na masharti mengine ambayo si ya kupuuza: mjamzito haruhusiwi kuitumia, na inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Haisaidii fangasi wa ukeni wala utando wa mdomoni, kwa sababu hizo ni kuvu za jamii nyingine. Griseofulvini yake ni ngozi, nywele na kucha tu.

Nirudi kwa Raistrick, maana bado kuna mkasa wa tatu. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, yeye na wenzake walitoa ripoti kwamba kemikali nyingine ya ukungu, patulini, inaponya mafua. Unaweza kufikiria Uingereza ya wakati ule ilivyolipokea jambo hilo: wafanyakazi wa viwanda vya vita wanakohoa, na penisilini imeshawaonyesha watu kwamba ukungu unafanya maajabu. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likafanya jaribio kwa zaidi ya watu elfu moja, wengine wakipewa patulini na wengine maji yasiyo na kitu, bila mgonjwa kujua kapewa kipi. Matokeo: hakuna tofauti. Baadaye patulini ikaonekana kuwa ni sumu, na leo kiwango chake kwenye juisi ya tufaha kimewekewa ukomo kisheria katika nchi nyingi.

Lakini linalonifanya nikisimulie kisa hiki ni jambo moja. Penicillium griseofulvum, ukungu ule ule unaotupa dawa ya mapunye, unatengeneza na patulini vilevile. Nyuzi zile zile, chakula kile kile, dawa na sumu vinatoka pamoja. Na ukungu huu hupenda nafaka.

Hapo yule wa mkate amejibiwa. Kula ukungu si kunywa dawa ambayo haijasafishwa. Ni kumeza chochote ambacho ukungu huo umeamua kutema siku hiyo, kwa kipimo usichokijua, na huwezi kuutambua kwa rangi. Kukwangua sehemu ya kijani hakuondoi kitu, kwa sababu nyuzi zilishapita kwenye mkate wote kabla ya rangi kutokea. Mahindi nayo ni hivyo hivyo. Sumukuvu inayotengenezwa na ukungu wa Aspergillus flavus haionekani, haina harufu, na kuisonga ugali hakuimalizi kwa kuwa inastahimili moto wa jikoni. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 zamu ikawa ya Dodoma na Manyara. Bibi aliyekwangua mkate akaishi miaka mingi alikuwa na bahati, na pengine alikula kidogo.

Wapo wanaosema kitu kikiwa cha asili hakina madhara, za kiwandani ndizo zenye madhara. Sijui watu hawa huwa wanazifikiria vipi sumu za nyoka. Chukua gliotoksini, kemikali iliyotambuliwa miaka ya 1930 kwenye ukungu wa udongo wa jamii ya Trichoderma. Inaua kuvu nyingine vizuri sana. Ilifikiriwa kuwa dawa, ikaachwa, kwa sababu inaua na seli za watu. Ukungu mwingine, Aspergillus fumigatus, unaoshambulia mapafu ya wagonjwa wenye kinga dhaifu, unaitengeneza kemikali hiyo hiyo na inausaidia kuzima askari wa mwili.

Mafanikio makubwa ya miaka ya karibuni yametokana na kulenga ile tofauti ya kwanza niliyoitaja, ukuta. Ukuta wa seli ya kuvu umejengwa kama ukuta wa zege: kuna nondo, ambazo ni kitini, na kuna zege lenyewe linalozishika, ambalo ni glukani. Kuna kuvu zinazotema kemikali inayomfunga mikono fundi wa kumwaga zege, yaani kimeng'enya kinachotengeneza glukani. Seli inaendelea kukua, ndani yake mna msukumo wa maji, ukuta una nondo tupu, inapasuka. Binadamu hana ukuta wa namna hiyo wala fundi huyo, kwa hiyo dawa inapita mwilini bila kukuta cha kuvunja. Kwa kulinganisha na dawa nyingine za fangasi wa ndani ya mwili, hizi zina madhara machache.

Ya kwanza kuidhinishwa ilikuwa kaspofungini, Marekani, mwaka 2001. Asili yake ni kuvu iliyopatikana kwenye maji ya bonde la mto Lozoya, karibu na Madrid huko Hispania, na jina la kuvu hiyo, Glarea lozoyensis, limebeba jina la mto. Wanakemia wa kampuni ya Merck walichukua kilichotemwa na kuvu wakakirekebisha kidogo ili kiyeyuke vizuri na kidumu mwilini. Nyingine, mikafungini, ilitokea Japani kwa njia hiyo hiyo. Mpaka leo dawa hizi zinaanza kwa kuotesha kuvu kwenye matangi, kisha ndipo mkono wa mwanakemia unaingia. Mgawanyo wa "asili" na "kiwandani" hapo hauna maana tena.

Zina upungufu wake. Molekuli ni kubwa, tumbo haliipokei, kwa hiyo ni za kuchomwa kwenye mshipa, na si za kukuta duka la dawa la mtaani. Na haziiwezi kriptokokasi, kuvu inayosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu wenye VVU ambao kinga imeshuka sana, yaani ugonjwa ambao kwa ukanda wetu ndio wenye vifo vingi. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha ya kumeza inayopiga ukuta huo huo, ibreksafungepi, kwa ajili ya fangasi wa ukeni. Chimbuko lake ni kuvu inayoishi ndani ya majani ya mreteni, tena huko Hispania.

Kwa kriptokokasi tunategemea amfoterisini B, na hapa lazima nivunje stori nyingine. Amfoterisini mara nyingi hutajwa kwamba ni dawa ya ukungu. Siyo. Imetoka kwa bakteria, Streptomyces nodosus, aliyepatikana kwenye udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela. Nistatini, ile ya matone ya njano inayowekwa mdomoni mwa watoto, nayo ni ya bakteria wa jamii hiyo. Iligunduliwa na wanawake wawili wa jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950. Bakteria hawa huota kwa nyuzi, ndiyo maana huchanganywa na ukungu. Wewe unawafahamu kwa pua: harufu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha kwa sehemu kubwa ni yao. Amfoterisini inashika egosteroli kwenye utando wa kuvu na kuutoboa, ila kolesteroli yetu inafanana nayo kiasi cha kutosha figo kuumia. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, pamoja na vidonge vingine, inafanya kazi kama sindano za siku saba na haimchoshi mgonjwa vile. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa tiba ya kwanza.

Mwaka huo huo shirika hilo lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji dawa mpya haraka. Juu kabisa yumo Candida auris, aliyeelezwa kwanza mwaka 2009 kutoka sikioni mwa mgonjwa wa Japani na sasa yupo katika hospitali za mabara karibu yote, Kenya ikiwemo. Yumo pia Aspergillus fumigatus niliyemtaja. Huyu usugu wake mwingine anaupatia shambani. Dawa za kuvu zinazonyunyiziwa mazao, nyingi ni jamii moja na flukonazo, kwa hiyo ukungu wa udongoni unazizoea kabla hata haujaingia kwenye pafu la mtu. Aspergillus sugu wa namna hiyo ameshapatikana kwenye mazingira ya Tanzania, na ripoti yake ilichapishwa mwaka 2014.

Shambani ndiko kuvu dhidi ya kuvu inakotumika kwa wingi zaidi, ingawa wakulima wengi hawajui. Azoksistrobini, dawa inayopigwa kwenye kahawa na nyanya, ilibuniwa kwa kuiga kemikali ya uyoga mdogo wa Ulaya unaoota kwenye koni za misonobari. Ile ya asili iliharibiwa upesi na jua, wanakemia wakaiimarisha. Trichoderma huuzwa akiwa hai, mbegu zake zikichanganywa kwenye udongo: anajizungusha kwenye nyuzi za kuvu inayoozesha mizizi, anatoa vimeng'enya vya kula ukuta wake, na baadhi yao hutoa kemikali yenye harufu ya nazi kabisa. Aflasafe, inayotumika Kenya na Tanzania dhidi ya sumukuvu, ni tofauti na hizo. Ni Aspergillus flavus wasio na sumu, waliopakwa kwenye punje za mtama na kumwagwa shambani kabla mahindi hayajatoa maua. Hawawaui wenzao. Wanawahi nafasi, wenye sumu wanakuta pamejaa.

Kwa hiyo ukikutana tena na ile habari kwenye simu, tazama fangasi hao waliuawa wapi. Kwenye kisahani cha maabara karibu kila kitu kinaua. Kuua ndani ya panya bila kumuua panya ni hatua nyingine, ndani ya mtu ni nyingine tena, na kati ya hatua hizo wengi huishia njiani. Sodarini ni mfano mzuri. Imetoka kwa kuvu, inajulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inachagua kwa ustadi wa ajabu: inazuia mtambo wa kutengeneza protini wa kuvu na kuuacha wa binadamu, mitambo ambayo karibu inafanana. Panya waliotibiwa na dawa zilizotokana nayo walipona. Makampuni makubwa ya dawa yaliishughulikia kwa miaka. Mpaka sasa hakuna kidonge cha sodarini dukani.